Mama alitafuta tundu la risasi

Daktari aliposema mtoto ana risasi mwilini, mama hakulia wala hakuuliza. Alimlaza mdogo wangu kwenye kitanda cha kupimia, akamvua fulana, akaanza kumpapasa kifuani, mgongoni, makwapani, kisha akamchambua nywele kwa vidole kama anayetafuta chawa. Alikuwa anatafuta tundu. Daktari, kijana mgeni kazini, alisimama na karatasi yake mkononi asijue aseme nini. Mimi nilikuwa na miaka 16 na nilikuwa nimesoma kumzidi mama, lakini sitadanganya: nami niliinama kuangalia sakafuni kama kuna damu.

"Si ya bunduki, mama," daktari akasema hatimaye. "Ni madini."

Lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja, na haikukosea, kwa kuwa risasi za bunduki zilitengenezwa kwa madini hayohayo. Mama naye hakuwa mjinga. Kaambiwa mwanawe ana risasi mwilini, akatafuta ilipoingilia. Sote tungeanza na swali hilo, imeingilia wapi na kafyatua nani, tusingepoteza miaka miwili tukimuuliza mtoto kwa nini hasikii.

Mtaa wetu ulijengwa na watu wasio na hati. Palikuwa bondeni, na bonde ndilo lililobaki baada ya wenye uwezo kugawana miinuko. Kiwanda kilipokuja nilikuwa na miaka 13. Walianza na ukuta, kisha bati refu la paa, kisha dohani moja fupi, fupi mno hata moshi ukitoka ulikuwa haupandi bali unamwagika. Malori yakaanza kuingia na betri chakavu za magari. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na sehemu kubwa ya risasi inayotumika duniani iko ndani ya betri, kwa hiyo betri iliyokufa ni mali. Wanaume walizipasua kwa shoka, wakamwaga tindikali, wakatoa vibamba vya ndani na kuvitupa tanuruni. Tindikali ilifuata mtaro, na mtaro ulipita katikati ya nyumba zetu. Kuku waliokunywa pale walikufa kabla ya wiki kwisha, na hiyo ndiyo ripoti ya kitaalamu ya kwanza tuliyopata.

Ya pili ilitoka juu. Mabati yaliyokuwa yamevumilia mvua za miaka kumi yalianza kutoboka kama chujio. Mchana miale myembamba ya jua ilisimama ndani ya chumba chetu, nasi watoto tukawa tunaweka viganja chini yake. Mwenye nyumba alipokuja akaangalia juu, akasema watoto wetu wanarusha mawe. Naikumbuka sana kauli hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia, kabla haijarudi kwa sauti za watu wengi wengine: kitu kimeharibika kwenu, basi ninyi ndio mlioharibu.

Baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa. Lazima niliseme hili mapema, maana masimulizi ya namna hii husimuliwa kana kwamba kuna upande wenye moshi na upande wenye mapafu, na kati yao ukuta. Sisi ukuta ulipita katikati ya meza yetu. Baba alilisha tanuru. Jioni alirudi na ovaroli iliyosimama wima yenyewe kwa vumbi, vumbi la kijivu, zito, lisilopeperuka ukilipuliza. Mdogo wangu alimkimbilia mlangoni, akamkumbatia miguu, akalaza shavu pale pale gotini. Mama aliloweka ovaroli kwenye beseni la bluu, akaisugua, akamwaga maji, akalisuuza beseni. Kisha katika beseni hilohilo akamwogesha mtoto. Hatukuwa na beseni lingine. Nimelifikiria beseni lile kuliko nilivyolifikiria tanuru.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka tanuru lilipowashwa. Alipofika mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno kama 20, nami nilikuwa nayahesabu kwa fahari ya dada. Alipofika miaka miwili alikuwa nayo sita. Watu wazima hawakuniamini. Walisema mtoto huongeza maneno, hapunguzi, huenda nilihesabu vibaya. Kisha tumbo likaanza: alijikunja kama kamba, akakosa choo siku nne, siku tano. Akawa na weupe usio wa kawaida ndani ya kope. Akawa na hasira zisizo na sababu, anajigonga kichwa ukutani, halafu analala saa za mchana kama mzee. Alipewa dawa ya minyoo mara tatu. Alipewa dawa ya homa ingawa hakuwa na homa. Jirani alisema karogwa. Jirani mwingine akasema mama anamwacha sana na mimi. Mlezi wa watoto alimrudisha nyumbani na maneno mawili, mtundu na mvivu, ambayo ukiyafikiria vizuri hayawezi kukaa pamoja ndani ya mtoto mmoja.

Siku alipopata degedege ndipo tulipokutana na yule daktari kijana. Hakuwa na kifaa chochote ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho. Alikuwa na swali. Aliuliza: "Baba yake anafanya kazi gani?" Baadaye niligundua kwamba daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza wenzake tangu mwaka 1700 wamuulize mgonjwa kazi yake. Swali lina miaka zaidi ya 300 na lilichukua miaka miwili kutufikia.

Damu ilipelekwa mbali, majibu yakarudi baada ya wiki tatu: mikrogramu 48 kwa desilita. Siku hizi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe mtoto akifikisha 5, na shirika hilo linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Akifika 45 anaweza kuhitaji dawa ya kuiondoa damuni.

Daktari alitueleza taratibu, kwa mchoro nyuma ya bahasha. Mwili hauijui risasi. Unaidhania kalisi, basi unaifungulia mlango na kuihifadhi pale kalisi inapohifadhiwa, kwenye mifupa na meno. Damuni inakaa kama mwezi hivi. Mfupani inakaa miongo. Msichana aliyeimeza utotoni anaweza kumpa mwanawe akiwa tumboni, kwa sababu mimba huazima kutoka mifupani. Mtoto mdogo akiimeza hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima, naye ndiye atambaaye sakafuni na kutia vidole mdomoni. Na mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalisi hufyonza zaidi. Hapo nilimwona mama anaangalia pembeni. Alikuwa ameelewa kwamba umaskini wetu haukutuweka tu karibu na sumu. Uliiandalia pia nafasi ndani ya mtoto.

Alilazwa, akapewa vidonge, kiwango kikashuka hadi 19. Tukarudi nyumbani tukiwa tumeshinda. Baada ya miezi miwili kilikuwa 41. Nyingine ilitoka mifupani mwake mwenyewe, nyingi ilitoka palepale chumbani: kwenye sakafu, kwenye godoro, gotini kwa baba. "Namwogesha," daktari alisema, "kisha namrudisha matopeni." Alisema kwa hasira, na nilimpenda kwa hasira ile, maana alikuwa mtu wa kwanza mwenye koti jeupe aliyeikasirikia sumu badala ya kutukasirikia sisi.

Tulipewa karatasi ya ushauri. Osha mikono ya mtoto kila mara. Usifagie vumbi likaruka, futa kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazini zisiingie ndani. Mpe vyakula vyenye chuma. Ushauri wote ni sahihi, na ndiyo maana unaudhi. Mama aliufuata kama sala. Alifuta sakafu mara tatu kwa siku, kwa maji aliyoyabeba kichwani, naye tanuru upande wa pili wa ukuta likawa linarudisha vumbi saa ishirini na nne bila kuchoka. Baba aliomba kiwandani mahali pa kuogea na kuacha ovaroli. Aliambiwa kama kazi imemshinda aseme. Karatasi ile ilikuwa na mistari 11 ya mambo ambayo mama alipaswa kufanya. Haikuwa na hata mstari mmoja wa jambo ambalo kiwanda kilipaswa kufanya.

Wazazi waliposikia yaliyotukuta, watoto 14 wakachomwa vidole na kupimwa. Majibu yote yalikuwa juu. Kikaitishwa kikao. Aliyetoka kiwandani alikuja na shati jeupe na faili, mtu mpole, anayeita kila mwanamke "mama yangu". Alisema vidole vya watoto wetu vilikuwa vichafu na uchafu ndio uliopimwa. Kisha akauliza kama nyumba zetu zimepakwa rangi, na rangi gani, kwa sababu kuna rangi zenye risasi. Akauliza kama hatuchomi taka. Akauliza kama akina mama wananawisha watoto. Kila swali lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Ni kweli tone la damu la kidoleni huweza kuchanganyika na vumbi la ngozi. Ni kweli zipo rangi zenye risasi. Hakuna aliyemuuliza vumbi la risasi lilifikaje vidoleni mwa watoto 14 kwa pamoja. Mimi niliwaza hivyo usiku, kitandani, kama kawaida ya majibu mazuri.

Watoto walipimwa upya kwa damu ya mshipani. Nesi alisafisha mikono ya kila mmoja mara mbili, na mdogo wangu akaona ni mchezo, akaomba mara ya tatu. Wote 14 walizidi 20. Sasa tukaambiwa: sawa, risasi ipo, lakini leteni ushahidi kwamba ni ya kiwanda.

Miaka mingi imepita na bado hapo ndipo ninaposimama nikiulizwa udhalimu wa mazingira ni nini. Si moshi peke yake. Moshi unaweza kumfika yeyote. Ni mpango ambao mwenye tanuru, mwenye wahandisi na mizani na vipimo, hadaiwi kuthibitisha kwamba yuko salama kabla ya kuwasha moto, ilhali mama mwenye beseni moja anadaiwa kuthibitisha kwamba mwanawe kadhurika, na kadhurika kwa hili na si kwa lile.

Basi nikanunua daftari. Sikuwa na akili ya kuita jambo hilo utafiti. Nilikuwa binti mwenye hasira na kalamu. Nilichora safu nne: tarehe, moshi, upepo, nani kaugua. Upepo niliupima kwa uzi niliofunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Moshi niliupa majina: hakuna, mwembamba, mzito, mzito na chumvi, huu wa mwisho ukiwa ule unaoacha ladha ya sarafu ulimini. Kila jioni nilipita nyumba 30 nikiuliza nani anakohoa, nani tumbo, nani hakuamka. Mwanzo watu walinicheka. Baada ya wiki kadhaa walikuwa wananisubiri mlangoni, na mzee mmoja alikuwa ananikaripia nikichelewa.

Kuna mambo niliyoyatarajia, na yalionekana: upepo ukitoka kiwandani, safu ya nne inajaa. Lakini kilichotusaidia sikukitarajia. Miezi minane ilipokwisha niliketi kuyapitia, nikaona siku sita tu zenye neno "hakuna" kwenye safu ya moshi. Sita kati ya siku zaidi ya 240. Nikakumbuka siku mojawapo, maana tulianika nguo kwa furaha. Nikaenda kumuuliza mwenyekiti wetu, aliyekuwa anaweka tarehe za wageni wa serikali. Ukaguzi ulifanyika mara sita. Tarehe zililingana moja kwa moja. Wakaguzi waliandika kweli tupu, kwamba siku walipokuja hewa ilikuwa safi.

Daftari lile lilipigwa nakala, likazunguka kwenye ofisi nisizozijua. Hatukushinda kesi, hatukufika hata mahakamani. Kibali cha kiwanda hakikuhuishwa mwaka uliofuata, basi. Tanuru likavunjwa usiku, likapakiwa kwenye malori yaleyale, likaenda. Najua lilikwenda mahali, kwa sababu tanuru haliyeyuki.

Nilianza kusoma baada ya hapo, kwa sababu nilitaka kujua kama sisi ni mkosi au ni mtindo. Huko Houston, Marekani, mwaka 1979, mwanasheria Linda McKeever Bullard alifungua kesi kupinga dampo lililopangiwa mtaa wa watu weusi, akamwomba mumewe Robert, mwanasosholojia, ahesabu madampo yaliyotangulia. Madampo yote matano ya jiji yalikuwa kwenye mitaa ya watu weusi, pamoja na matanuru sita kati ya manane ya kuchomea taka, na watu weusi walikuwa karibu robo tu ya wakazi. Kesi walishindwa. Mwaka 1982, kaunti ya Warren huko North Carolina, watu zaidi ya 500 walikamatwa wakilala barabarani kuzuia malori yenye udongo wa kemikali za sumu ziitwazo PCB. Udongo ulifukiwa palepale. Ila hesabu ya Bullard na miili ile barabarani ndivyo vilivyolipa jambo hili jina, na mimi niliposoma kwamba lilianza na mtu anayehesabu, nilifunga ukurasa nikatoka nje kidogo.

Nilisoma pia kuhusu Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa pale. Wakazi walikuwa wanachekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili kupata risasi ya kuuza, wengi wakiwa akina mama, na watoto mgongoni au kando. Nikamwona baba. Nikasoma kuhusu Owino Uhuru, Mombasa, ambako Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwanawe aliyekuwa ananyonya akakutwa na risasi damuni. Aliacha kazi, akaandamana na wenzake, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Nikamwona mama, kama mama angekuwa na wa kumsikiliza.

Lakini aliyenitoa machozi ni daktari wa watoto, Herbert Needleman. Mwaka 1979 alitangaza matokeo ya kupima meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa miji miwili ya Massachusetts. Waliokuwa na risasi nyingi menoni walikuwa nyuma kwenye vipimo vya akili, hilo lilitarajiwa. Ila pia aliwauliza walimu, wasiojua jino la nani lina nini, waeleze tabia za watoto. Kadiri risasi ilivyozidi jinoni, ndivyo walimu walivyozidi kusema mtoto huyu hatulii, hamalizi kazi, hafuati maelekezo. Mtundu na mvivu. Maneno mawili yasiyoweza kukaa pamoja yalikuwa yamekaa pamoja kwenye jino. Na Needleman naye alitakiwa alete ushahidi zaidi: alishutumiwa kwamba amechezea utafiti, akachunguzwa miaka kadhaa, akaonekana hana hatia ya udanganyifu. Huko Flint, Michigan, baada ya jiji kubadilisha chanzo cha maji mwaka 2014, daktari Mona Hanna-Attisha alionyesha mwaka 2015 kwamba risasi inapanda damuni mwa watoto, na maofisa wakaanza kwa kumwambia amekosea hesabu. Sikumwonea huruma, nilijisikia kama nimepata ndugu.

Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba watoto hadi milioni 800, yaani mmoja kati ya watatu duniani, wana kiwango cha 5 au zaidi, wengi wao Afrika na Asia. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi, yenye afya na endelevu kuwa haki ya kila binadamu: kura 161 ziliunga mkono, nchi 8 hazikuegemea upande, hakuna iliyopinga. Sishangai. Hata yule mtu wa shati jeupe hakuwahi kupinga haki yetu ya hewa safi. Alichokipinga ni daftari.

Uwanja wa kiwanda upo mpaka leo. Ni mahali pekee tambarare na pa wazi mtaani, basi watoto wanachezea mpira, na goli moja lipo pale tanuru lilipokuwa. Udongo haukuondolewa. Risasi haiozi wala haigeuki kitu kingine. Kabwe, Zambia, mgodi ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wanakutwa nayo damuni. Mara mbili nimekwenda kuwaambia watoto wale wasicheze. Wananisikiliza kwa adabu, wanangoja niondoke.

Mdogo wangu ana miaka 19. Kulinganisha na wengine, alipona: nilimhamishia kwa shangazi kabla hajafikisha miaka minne, na shangazi alikuwa na nyumba kwenye mwinuko. Sikuwa na shangazi wa kuwagawia watoto wengine 13. Anatengeneza baiskeli, na mikono yake ina akili kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Ukimtuma vitu vitatu ataleta viwili, kwa hiyo huandika kiganjani kwa kalamu. Shuleni alichapwa sana kwa ajili ya kile cha tatu. Sijui angekuwa nani. Hilo ni swali ambalo hakuna maabara inayolipima, na mwenye kiwanda analijua vizuri kuliko mimi.

Baba alifariki. Miaka yake ya mwisho shinikizo la damu halikushikika, na kiganja cha mkono wa kulia kilining'inia, hakikuweza kujiinua kushika kikombe. Ukilifungua daftari langu utakuta nyumba 30, kikohozi cha kila mtu, mimba mbili zilizoharibika, mzee aliyenikaripia na siku aliyokufa. Hutamkuta baba. Kila jioni kwa miezi minane niliandika "nyumbani kwetu" na jina la mdogo wangu, nikaishia hapo. Alikuwa amekaa mita moja kutoka nilipoandikia, anajikanda tumbo. Tuliogopa jina lake likionekana ataachishwa kazi. Hakuna aliyenikataza. Yeye mwenyewe aliwahi kunisogezea taa nione vizuri.

Wiki iliyopita mwanamke nisiyemfahamu alinipigia simu, kapewa namba na mtu. Mtaani kwao wamejenga ukuta na dohani, na malori ya betri yameanza kuingia. Aliuliza aanze na nini. Nikamwambia anunue daftari, achore safu nne, afunge uzi mahali penye upepo, aandike hata siku ambazo hakuna kitu, hasa siku hizo. Nilimsikia anaandika nisemayo. Kisha akanyamaza.

"Mume wangu kaajiriwa humohumo," akasema. "Naye nimwandike?"

"Mwandike," nikamwambia. "Anza naye."